Kosa la Kurefuka

Ipo nchi moja, msiniulize inapakana na nani, inaitwa Jamhuri ya Sawasawa. Ni nchi ya amani sana. Hata mbwa wake wakitaka kubweka hutazama kwanza kushoto na kulia. Katika nchi hiyo, kwa rehema za Mungu na busara za Serikali, liligunduliwa jambo ambalo mataifa mengine yenye vyuo vikubwa hayajaligundua mpaka leo: kwamba mtoto kukua ni utovu wa nidhamu.

Aliyeligundua ni Waziri wa Sare na Maadili, Mheshimiwa Gaspari Tindo, Jenerali Mstaafu na Profesa Mtarajiwa. Alikuwa garini, akawaona wasichana wa shule wanapita barabarani, sketi zao zimepanda. Mtu mwingine angesema watoto wamekua, watafutiwe sketi nyingine. Lakini Mheshimiwa hakupewa gari lenye bendera ili afikiri kama watu wengine. Alifikiri mpaka chakula kikapoa mezani, kisha akawaita waandishi wa habari akawaambia, "Sketi haina miguu. Haiwezi kupanda yenyewe. Wanaofanya fujo hapa ni mifupa."

Ndipo sheria ikatungwa. Msichana atapewa sketi moja siku anayoingia kidato cha kwanza, na hiyohiyo ataivaa mpaka amalize cha nne. Pindo litapigwa muhuri wa taifa, na atakayelifumua ili aishushe sketi yake, huyo amelifumua taifa. Kila Jumatatu wasichana watapiga magoti uwanjani, na pindo sharti liguse ardhi. Lisipogusa, mwenye sketi ana kosa la kurefuka bila kibali.

Vibali vilikuwapo, tusiseme uongo. Viliombwa makao makuu, na mwombaji alitakiwa kurudi kuchukua majibu mwaka unaofuata, akiwa na urefu uleule.

Sasa basi, katika Shule ya Wasichana Utulivu alikuwako binti mmoja wa kidato cha nne, Skolastika, kwao wakimwita Skola. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mwepesi wa kushika masomo, na Jumamosi ndiye wa kwanza kufika kanisani na ufagio. Kosa lake lilikuwa hilo moja tu. Alirefuka kimyakimya, bila kumsumbua mtu, kama mgomba wa nyuma ya nyumba ambao siku moja unainua macho unaukuta umepita paa.

Na Skola alijua vizuri kinachowapata warefu. Mwaka uliotangulia walimchukua Nyamizi, binti mcheshi aliyekuwa akiimba kuliko kwaya nzima, wakampeleka Kituo cha Kupumzisha Mifupa. Serikali ilieleza kuwa huko watoto hulala kwenye vitanda vifupi na kula chakula chepesi, basi. Nyamizi alirudi. Alirudi ameinamisha shingo, na mpaka leo ukimsalimia anajibu akitazama vidole vya miguu yako. Kuimba haimbi tena.

Kwa hiyo kila Jumatatu Skola alipopiga magoti, moyo wake ulikuwa unagonga mpaka akadhani Mkaguzi anausikia.

Mkaguzi mwenyewe aliitwa Bwana Kandidi, cheo chake Mkaguzi Mkuu wa Magoti. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na wajukuu, na kazi aliyosomea ng'ambo ilikuwa hii: kulala kifudifudi nyuma ya mabinti wa watu, shavu kwenye vumbi, na kupitisha karatasi nyembamba chini ya pindo. Karatasi ikikwama, binti ni mtiifu. Ikipita, binti amerefuka. Miezi yote iliyopita karatasi ilikuwa inakwama kwa Skola kwa sababu alikuwa akiishusha sketi kiunoni na kuzuia pumzi. Lakini nyonga nazo zina mwisho wake.

*

Ijumaa moja Mwalimu Mkuu, Bwana Tibursi, aliwakusanya wasichana wote. Alikuwa anajifuta jasho na jua halijatoka sawasawa.

"Wanangu," alisema, "tumepata bahati. Jumatatu Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe kuangalia magoti yetu. Na Jumanne, kama mjuavyo, mtihani wa taifa unaanza. Atakayekutwa amerefuka hatapita mlango wa mtihani. Atapanda lori."

Hakusema lori la wapi. Wasichana wakatazama chini wote kwa pamoja, kama Nyamizi.

Skola alinyoosha mkono. Hata yeye alishangaa kuuona mkono wake uko juu.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza. Lakini swali liwe fupi."

"Mtu afanye nini asikue?"

Mwalimu wa nidhamu akashika fimbo yake vizuri. Bwana Tibursi alijifuta jasho tena.

"Swali hilo," alisema mwishowe, "limezidi pindo." Kisha akakohoa, akatazama mawingu. "Sasa, kuhusu usafi wa kesho. Uwanja huu una udongo laini. Mimi sijasema mtu achimbe. Nasema tu kwamba jikoni pana vijiko vikubwa vya kupakulia, na mlango wa jikoni hautafungwa. Mwenye masikio amesikia kwamba sijasema."

Melania, rafiki yake Skola, ndiye aliyeelewa kwanza. Jumamosi alikuja na kijiko amekificha kwenye soksi.

"Unachimba vishimo viwili," alieleza wenzake, akionyesha. "Goti hapa, goti hapa. Unazama. Sketi inatandaa chini inafunika kila kitu. Kandidi atalamba vumbi mpaka achoke, karatasi haipiti."

"Na mimi je?" aliuliza Prisila. Prisila alikuwa ameacha kula wiki ile, anatafuna ndimu tu, maana alisikia ndimu inakausha mifupa.

"Wewe chimba kisima."

Wakacheka kidogo, wakaanza kuchimba. Skola alisimama na kijiko chake mkononi.

"Melania, hivi huu si uongo?"

"Ndiyo, uongo. Unataka ukweli? Ukweli uko kwenye lori. Nani alisema anataka kuwa mkunga, si wewe? Utazalisha watu kutoka Kituoni, umeinama hivyo?"

Hapo alimgusa penyewe. Kwao Skola zahanati ilikuwa na mlango na kufuli, mkunga hakuna. Mdogo wake Edga alizaliwa barazani pa zahanati hiyo, mama amelala kwenye khanga, na aliyeshika kurunzi alikuwa Skola, akiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Na njia ya kwenda chuo cha ukunga ilikuwa moja tu, mtihani wa Jumanne.

Akapiga magoti akachimba. Vyake vilikuwa virefu kuliko vya wote.

*

Jumapili baada ya ibada mama yake alimjaribisha sketi.

"Ishushe."

"Nimeishusha, mama. Ikishuka tena blauzi inatoka, tumbo linaonekana. Hilo nalo lina kosa lake."

"Vuta pumzi basi."

"Nikivuta inapanda."

"Usipumue."

Wakatazamana, wakacheka mpaka mama akakaa chini. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama kilivyoanza. Mama akasogeza bakuli la uji.

"Kunywa."

"Sitaki, mama. Prisila anasema uji unaongeza kidole cha urefu."

Mama Skola alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti. Siku ile alipandisha.

"Sikiliza wewe. Ulizaliwa kabla ya siku zako, unaenea kwenye kapu la mayai. Watu walikuja wakakutazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Mimi nilipiga magoti kwenye kitanda kilekile cha uzazi nikamwambia Mungu, mkuze huyu. Kila siku, mkuze. Amekukuza. Sasa unataka nirudi kwake nikamwambie nini? Kwamba basi, Baba, inatosha, Wizara imekasirika?"

Skola alichukua bakuli akanywa uji wote, machozi yakidondokea humohumo.

*

Jumatatu asubuhi redio ilitangaza. Hapa inabidi nieleze, maana wageni huwa hawaelewi. Katika Sawasawa habari za sherehe husomwa kabla sherehe haijafanyika. Utaratibu huu umepunguza sana makosa. Basi watu wakiwa bado wanapiga mswaki, msomaji alisema kwa sauti nzito: "Mheshimiwa Waziri leo amekagua wasichana wa Shule ya Utulivu, na hakuna hata mmoja aliyekutwa amerefuka. Mtukufu Rais ameusikia ukaguzi huo na amempongeza Waziri kwa moyo mkunjufu." Ukapigwa wimbo wa taifa.

Uwanja ulijaa. Wazazi waliwekwa nyuma ya kamba. Kidato cha kwanza walipangwa mbele, cha nne nyuma yao, kila mmoja akisimama penye vishimo vyake vilivyotandazwa majani makavu. Askari walizunguka pembeni na virungu. Mheshimiwa alishuka garini akiwa amevaa koti lenye medali, mojawapo ya kuogelea, na nchi ile haina bahari wala ziwa.

"Pigeni magoti!"

Wakazama. Skola alihisi udongo baridi umemkumbatia mpaka juu ya magoti. Sketi ikatandaa. Nyuma yake akamsikia Bwana Kandidi analala chini kwa kuguna, akisogea kwa tumbo kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine. Kwa Melania karatasi ilikwama. Kwa Prisila ilikwama. Kisha pumzi za mzee zikawa nyuma ya miguu yake mwenyewe.

Karatasi iligusa pindo. Ikajaribu tena. Skola aliona mchwa mmoja anapanda jani na akamwomba Mungu kwa jina la mchwa yule.

"Sawasawa," alisema Kandidi, akasogea.

Vigelegele. Mheshimiwa alipanda jukwaani, akaweka mikono kwenye kipaza sauti kama mtu anayemkaba mtu.

"Wananchi! Mataifa makubwa yamepeleka watu mwezini. Sisi tumemzuia mtoto asiende juu hata kidole! Nani zaidi?"

"Sisi!" wakaitikia wazazi, huku wanatazama virungu.

"Wasichana hawa tumewapokea wakiwa hivi, na leo wako hivi. Nimeona kwa macho yangu. Na kwa kuwa hawakui, nauliza, kama kiongozi mwenye uchungu na nchi hii..." Akanyamaza, akatabasamu. Wazo lilikuwa linamjia palepale, ungeliona likipanda usoni. "Nauliza, uji wa shule ni wa nini? Tunamlisha uji mtoto asiyekua ili aende wapi? Kuanzia leo, uji umefutwa!"

Watu wa jukwaani walipiga makofi. Huku chini hakuna aliyepiga.

Mbele ya Skola palikuwa na katoto ka kidato cha kwanza, Koleta. Koleta alikuwa anajulikana shule nzima: kila siku hunywa nusu ya uji, nusu nyingine huitia kwenye chupa akampelekea bibi yake. Sasa mabega ya Koleta yalianza kutikisika. Hakulia kwa sauti, maana kulia kwenye sherehe ni kosa. Alitikisika tu, na sketi yake mpya, kubwa, iliyomzidi, ilikuwa imetandaa pande zote kama hema lililoanguka.

Skola aliitazama ile sketi kubwa. Mtoto huyu alikuwa ameshonewa nafasi ya kukua, na sasa nafasi hiyo itabaki tupu. Na sababu yake ilikuwa nini? Ni kwamba yeye, Skola, yuko kwenye shimo.

Akasimama.

Hakusimama kwa ujasiri, msije mkadhani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akapepesuka, akajishika kwenye bega la Melania. Udongo ukapukutika kwenye magoti. Akanyooka, akaendelea kunyooka, na sketi ikapanda naye, na vile vishimo viwili vikabaki wazi mbele ya Serikali.

"Mheshimiwa," alisema, "tunakua."

"Kaa chini," Melania alinong'ona, akimvuta pindo. "Skola, kaa chini, utatuua."

"Nimekua mimi. Uji ndio ulionikuza. Na huyu naye anataka kukua."

Askari wawili wakachomoa virungu. Mwalimu Mkuu alifumba macho, midomo ikisema sala au hesabu ya miaka ya kustaafu, Mungu ndiye ajuaye. Nyuma ya kamba sauti ya mwanamke ikasikika, haikupanda wala kushuka: "Huyo ni wangu. Nimemzaa mimi." Watu waliomzunguka Mama Skola wakasogea kando, wakamwachia nafasi kama wanavyomwachia mgonjwa wa kuambukiza.

Macho ya Mheshimiwa yalikuwa yamegeuka mekundu. "Mkaguzi! Yule amesimama?"

Bwana Kandidi, vumbi shavuni, alimtazama Skola, akawatazama askari, akamtazama Waziri. Alikuwa mtumishi wa miaka mingi na alijua kinachoua watu wa Wizara.

"Mheshimiwa," alisema, "kwa mujibu wa redio, amepiga magoti."

"Mimi namwona amesimama!"

"Mheshimiwa anaona zaidi ya redio?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na swali lile likatembea uwanja mzima. Mtukufu Rais alikwisha kupongeza. Kama binti yule amesimama, basi Mtukufu amepongeza kitu ambacho hakipo, na katika nchi ile mtu aliyesababisha hilo mara ya mwisho alikuwa waziri pia, na sasa hata jina la mtaa wake limebadilishwa.

Ndipo Melania akaguna, "Ah, basi kama hivi ndiyo kupiga magoti," naye akasimama. Prisila akataka kusimama, njaa ikamrudisha, wenzake wawili wakamnyanyua kwa kwapa. Kisha mstari wote. Hawakupiga kelele. Walisimama tu mmoja mmoja, na vishimo vikafunuka kimoja kimoja, mpaka uwanja ukafanana na shamba lililong'olewa viazi. Askari waliinua virungu, wakatazama jukwaani kusubiri ishara. Ishara haikuja. Ungempigaje mtu kwa kusimama, wakati amepiga magoti?

"Wamepiga magoti vizuri sana," alisema Mheshimiwa mwishowe, sauti imekauka. Akapunga mkono, akashuka. Lakini alipompita Kandidi aliinama sikioni, na Skola, aliyekuwa karibu, aliyasikia maneno yake: "Kesho. Mlangoni. Yule wa kwanza."

Gari likaondoka. Mama mpishi, aliyekuwa amesimama na mwiko mlangoni pa jikoni, alimuuliza Mwalimu Mkuu kama azime moto.

"Kwani redio ilisema uji umefutwa?" aliuliza Bwana Tibursi.

"Haikusema."

"Basi mimi sijasikia kitu. Koroga."

*

Jumanne lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya chumba cha mtihani, bati la nyuma limefunguliwa, injini inanguruma. Ndani yake palikuwa na vitanda vifupi viwili vimefungwa kwa kamba. Bwana Kandidi alisimama mlangoni, peke yake. Chumba chenyewe Wizara ilikuwa imekitengeneza upya mwaka ule, na mlango ukashushwa ili kichwa kilichokomaa kupita kiasi kisipate njia.

Mama Skola alimsindikiza mwanawe mpaka getini. Hapo wazazi huishia.

"Shikamoo mwambie kwanza," alisema. "Adabu haijafutwa."

Wasichana walipanga mstari. Hakuna aliyeishusha sketi kiunoni. Skola alikuwa wa kwanza, kalamu mbili mkononi, na alipita pembeni mwa lori karibu sana hata joto la injini likamgusa mashavu ya miguu. Dereva alikuwa anakula muhogo. Alimtazama Skola juu mpaka chini, akateremka, akaenda kushika bati la nyuma, tayari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Bwana Kandidi alianza kwenye viatu. Akapanda kwenye soksi, akafika magotini, akapita sehemu ndefu ya mguu isiyo na sketi, akalifikia pindo lenye muhuri. Hakuishia hapo. Aliendelea kupandisha macho, kiunoni, shingoni, mpaka ikambidi arudishe kichwa nyuma kabisa na kushika kofia isianguke. Wakatazamana. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewaona mabinti hawa kutoka chini, kwa nyuma. Sura hakuwahi kuziangalia.

Injini ilinguruma. Dereva alisema, "Mzee, nipakie?"

Aseme mrefu? Mrefu huyo ametoka wapi, ikiwa jana redio ilisema hayupo? Ataulizwa. Waziri naye ataulizwa. Aseme mfupi, na Waziri je? Jasho lilimtoka mzee likachora mstari kwenye vumbi la jana ambalo alikuwa bado hajalinawa vizuri. Skola hakusogea. Aliuona mstari huo wa jasho, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba pale mlangoni watu wanaoogopa ni wawili.

Kandidi alivuta pumzi.

"Mfupi!" alipiga kelele, ili lori lisikie, na wazazi getini, na Wizara ikibidi. "Mfupi huyu. Apite."

Dereva akaliachia bati. Nyuma, Melania alikwisha kupiga hatua moja mbele, na nyuma ya Melania mstari mzima ukasogea.

Skola akainua mguu kuingia. Ndipo mzee, bila kugeuza uso, akanyoosha kiganja chake akakiweka juu, kwenye ukingo wa mlango.

"Angalia kichwa, mwanangu," alinong'ona. "Hapa utajigonga."